Prosesa mbili kasha moja, ya pili inachemka

Msomaji wetu wa Tanga anauliza:

"Habari za kazi, fundi. Mimi natengeneza michoro ya nyumba kwa Blender. Nilinunua kompyuta ya mtumba yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v2, ramu GB 64, na natumia Ubuntu. Nikianza kurenda, yaani kuifanya mashine itoe picha kamili ya mchoro, prosesa ya kwanza inakaa kwenye 68, ya pili inapanda mpaka 90. Baada ya dakika kama ishirini mashine inazima ghafla. Nimebadilisha pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa, nimefungua mfuniko wa pembeni na kuiwekea feni ya mezani, lakini bado. Fundi mmoja ameniambia prosesa ya pili imechoka, ninunue nyingine. Je, ni kweli?"

Salama, ndugu yangu. Prosesa usinunue kwanza. Katika mambo yote yanayoweza kuifanya prosesa ichemke, prosesa yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ikiharibika kweli, dalili zake huwa nyingine: mashine inaganda, inagoma kuwaka, inatoa makosa ya kumbukumbu, au baadhi ya kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zinapotea kwenye orodha. Ni nadra sana prosesa kuendelea kupiga kazi sawasawa na mwenzake huku kosa lake pekee likiwa ni joto. Joto hilo limekosa pa kwenda, na kazi yetu ni kutafuta njia imezibwa wapi.

Katika kutafuta huko una nafasi nzuri ambayo mwenye kompyuta ya kawaida hana. Una prosesa mbili za aina moja, kila moja ina kori 10 na imepangiwa wati 115. Ziko ndani ya kasha moja, zinavuta hewa ya chumba kimoja, zinagawana kazi ileile ya Blender. Moja inakaa kwenye 68 bila shida. Basi hiyo nzima ndiyo kipimo chako. Kila unapokishuku kitu, jiulize: je, kitu hiki kingeiathiri moja au zote mbili? Joto la Tanga linazipata zote. Mchoro mzito unazipata zote. Hata programu ya siri ya kuchimba sarafu za kidijitali, ambayo watu huishuku mara kwa mara, ingezibana zote. Kilichobaki ni kitu kilichoko upande wa prosesa ya pili peke yake. Kwa hiyo namba 90 iache kando kidogo, shika hizi nyuzi 22 zinazozitenganisha.

Kwanza hakikisha kama ni joto linalozima mashine

Umeunganisha mambo mawili, kuchemka na kuzima, na huenda yakawa kitu kimoja. Lakini yasiunganishwe kabla ya kuangalia, kwa sababu prosesa za aina hii haziruhusu zichomwe kirahisi. Kila kori ina kipima joto chake ndani. Joto likikaribia kikomo, prosesa inajipunguzia kasi na volteji yenyewe. Utaona kurenda kunakuwa kwa taratibu, lakini mashine inaendelea kuwaka. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, ndipo prosesa inatuma ishara ya kukata umeme papo hapo. Maana yake, kabla ya kuzimwa na joto la prosesa, mara nyingi kunatangulia kipindi cha kasi kushuka. Mashine inayorenda kwa kasi yake yote halafu ikafa ghafla inatufanya tutazame na sehemu nyingine.

Kikomo chenyewe usikikisie. Wengi wamezoea kompyuta za mkononi ambazo kikomo chake ni nyuzi 100, wakidhani kila prosesa ni hivyo. Xeon nyingi za kizazi hiki zina kikomo cha chini ya hapo. Andika `sensors` kwenye dirisha la amri (kama haipo, chini nimeeleza jinsi ya kuiweka), na pembeni ya kila kori utaona neno `crit` na namba yake. Hiyo ndiyo ya mashine yako. Kama 90 iko nyuzi mbili tatu chini ya `crit`, uko pabaya kweli.

Mashine ikizima tena, iwashe kisha soma kumbukumbu za mara iliyotangulia:

`journalctl -k -b -1 | grep -i -E "throttl|temperature"`

Ukikuta maneno yanayofanana na `temperature above threshold, cpu clock throttled`, prosesa ilifika kikomo na kuanza kujipunguza. Usipokuta kitu, elekeza macho kwenye umeme.

Umeme nauweka hapa makusudi, kwa sababu watu wengi hununua mashine ya prosesa mbili na kuichomeka kwenye UPS ileile ya kompyuta ya zamani. Piga hesabu nami. Prosesa mbili kwa wati 115 ni wati 230. Weka kadi ya picha ya kiasi, tuseme wati 150. Ongeza mazabodi, ramu, diski na feni, kisha ongeza na kile kinachopotea ndani ya pawasaplai. Unakaribia wati 500 ukutani. UPS iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400. UPS nyingi huvumilia mzigo uliozidi kidogo, hulia lia, halafu hukata. Ukikaa mbali nayo utasema mashine imezidiwa na joto. Siku ambayo umeme umetulia, chomeka mashine moja kwa moja ukutani kupitia kifaa cha kulinda volteji, renda mchoro uleule, na uone kama itavuka dakika ishirini.

Pia gusa hewa inayotoka kwenye pawasaplai. Ikiwa feni yake haizunguki au hewa inatoka moto wa kuudhi, nayo ina kinga yake ya joto na inaweza kuzima mashine yote. Dalili mojawapo ni kugoma kuwaka mpaka ipoe kwanza.

Sehemu nyingine inayosahaulika iko pembeni ya kila soketi: vile vipande vidogo vyeusi na koili zake vinavyobadilisha volti 12 za pawasaplai kuwa volti kama moja ya prosesa. Wati 115 kwa volti moja ni zaidi ya ampea 100 zinazopita pale. Vinapata joto kali, vina kinga yao ya kukata, na vinategemea upepo uleule unaopita kwenye hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoondoa joto la prosesa. Upepo ukipungua upande wa pili, prosesa ya pili inachemka na vyenyewe vinachemka pia, na huenda ndivyo vinavyotangulia kukata. Ndiyo maana nasema kuzima na kuchemka vinaweza kuwa na chanzo kimoja bila kimoja kukisababisha kingine.

Vipimo vitatu vitakavyokupa jibu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Rudisha mfuniko wa pembeni, ondoa feni ya mezani, na chukua kipimajoto cha chumba. Joto la chumba ni muhimu kwa sababu prosesa haipoi kufikia namba fulani, inapoa kwa kulinganisha na hewa inayoingia. Kama hitisinki yako inaacha prosesa nyuzi 40 juu ya chumba, basi chumba kikiwa 26 wakati wa kusi utaona 66, na chumba kikiwa 33 wakati wa kaskazi utaona 73, na hakuna kilichoharibika. Andika tofauti, usiandike namba ya prosesa peke yake, la sivyo utalinganisha kipimo cha asubuhi na cha mchana na kudanganyika.

Weka programu tatu:

`sudo apt install lm-sensors stress-ng numactl`

Fungua dirisha moja uliache na `watch -n 1 sensors` ili uone joto kila sekunde. Utaona `Package id 0` na `Package id 1`. Ubuntu huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo ya kwanza ni 0 na ya pili ni 1. Mazabodi nyingi huandika CPU1 na CPU2, nyingine huandika CPU0 na CPU1. Hapa panahitaji uangalifu mkubwa, maana ukichanganya utasafisha na kufungua hitisinki ya prosesa iliyo nzima huku mgonjwa amekaa palepale. Njia ya uhakika ni kuipa kazi moja tu kisha kuangalia ni hitisinki ipi inapata moto.

Dirisha la pili lipe kazi prosesa ya kwanza pekee kwa dakika 15:

`numactl --cpunodebind=0 stress-ng --cpu 20 --timeout 15m`

Andika joto la sekunde tano za mwanzo, la dakika ya kwanza, na la mwisho. Iache mashine ipoe, halafu fanya vilevile kwa prosesa ya pili ukibadilisha 0 kuwa 1. Iache ipoe tena, kisha zipe kazi zote mbili:

`stress-ng --cpu 40 --timeout 15m`

Joto likifika nyuzi mbili tatu chini ya `crit`, simamisha kwa Ctrl na C, umeshapata ulichokitafuta. Na kama `lscpu` inakuonyesha nodi moja tu ya NUMA (kundi la prosesa na ramu zake) badala ya mbili, ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uzime mpangilio wa kuchanganya nodi za kumbukumbu, kisha urudi.

Nitakueleza jinsi ya kusoma matokeo, na hapa soma taratibu.

Kama prosesa ya pili inachemka hata ikifanya kazi peke yake huku ya kwanza imepumzika, tatizo liko juu yake mwenyewe: hitisinki yake, pesti yake, skrubu zake au feni yake. Kama ikiwa peke yake inakaa vizuri kama ile ya kwanza, na inachemka tu zote zikifanya kazi, basi prosesa ya pili haina kosa, hitisinki yake haina kosa, na pesti uliyopaka ni nzuri. Inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na mwenzake.

Hili la pili ni la kawaida katika makasha yaliyopanga prosesa moja nyuma ya nyingine. Hewa inaingia mbele, inapita kwenye hitisinki ya kwanza, inabeba joto lake, ndipo inafika kwa ya pili. Kiasi cha joto hilo kinaweza kukokotolewa. Lita moja ya hewa inahitaji karibu juli 1.2 ili ipande nyuzi moja. Kama zinapita lita 10 kwa sekunde, wati 115 za prosesa ya kwanza zitaipandisha hewa ile karibu nyuzi 10. Zikipita lita 5 tu, hewa itapanda karibu nyuzi 20 kabla ya kumfikia wa pili. Kwa hiyo katika muundo huo ukiona prosesa ya nyuma imezidi ya mbele kwa nyuzi 5 hadi 10, kubali, ndivyo mashine ilivyoundwa. Nyuzi 22 zinasema upepo umekuwa hafifu kupita kiasi: feni ya mbele imekufa au inazunguka kwa uvivu, chujio limejaa vumbi, au hewa inatorokea pembeni badala ya kupita kwenye mapezi.

Zile namba za sekunde tano za mwanzo nazo zina habari zake. Kipande chenyewe cha prosesa ni kidogo na chepesi, hitisinki ni nzito. Ikiwa zimegusana vizuri, joto linaruka kidogo mwanzoni kisha linapanda polepole kwa dakika kumi au zaidi huku chuma chote kikipata moto. Ikiwa hazijagusana vizuri, prosesa inaruka hadi themanini na kitu ndani ya sekunde chache, na ukisimamisha kazi inaporomoka kwa kasi ileile. Linganisha mruko wa prosesa zako mbili. Ukilingana na tofauti ikaja baadaye, usihangaike tena na pesti, hangaika na upepo. Mruko wa ya pili ukiwa mkubwa mara mbili, rudi kwenye mguso.

Mkono nao unathibitisha. Prosesa ikiwa kwenye 85, gusa mapezi ya hitisinki yake kwa ncha ya kidole, ukijihadhari na feni. Mapezi yakiwa ya uvuguvugu tu, joto halijafika huko: mguso ni mbaya, au mirija ya shaba inayobeba joto imekufa. Mirija hiyo ina kimiminika kidogo ndani kinachogeuka mvuke na kurudi. Ikipasuka au kukunjwa, inabaki shaba tupu na haisafirishi joto kama zamani. Hitisinki ya mtumba iliyodondoshwa njiani inaweza kuwa hivyo na huoni alama yoyote kwa nje. Mapezi yakiwa ya moto sana na upepo unaotoka ni mdogo, mguso ni mzima na tatizo ni hewa.

Kuhusu mfuniko uliofungua

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Kwa kompyuta ndogo ya ofisini, kufungua pembeni na kuweka feni ya mezani husaidia mara nyingi, na mafundi wengi wameona ikisaidia. Kwa mashine ya prosesa mbili mambo hugeuka. Kasha lake limejengwa ili feni za mbele zisukume hewa kwa nguvu, ipite katikati ya mapezi, juu ya ramu na juu ya vile vipande vya kurekebisha umeme, kisha itoke nyuma. Ukifungua pembeni, hewa inachagua njia rahisi, inatokea pale palipo wazi, na mapezi ya nyuma yanabaki na hewa isiyosogea. Feni ya mezani inapuliza kutoka ubavuni, inagombana na mkondo wa mashine, na inaingiza vumbi na unyevu wa bahari bila kuchujwa. Kwetu pwani unyevu huo una chumvi, nayo hula miguu ya vifaa taratibu.

Angalia pia kama mashine yako ina ule mfereji wa plastiki unaofunika prosesa na ramu. Katika mashine za mtumba hukosekana mara nyingi, kwa sababu aliyekuwa akiongeza ramu aliutoa na hakuurudisha. Watu huudhani ni pambo. Bila ule mfereji hewa hupita juu ya hitisinki badala ya kupita ndani yake. Kama haupo, tafuta wa mfano uleule wa mashine yako. Ukikosa, kata kadibodi ngumu au plastiki, uibandike iongoze hewa kutoka feni ya mbele hadi kwenye hitisinki, bila kugusa feni wala saketi. Kwa kujaribu tu inatosha kabisa kukuonyesha kama umepata chanzo, kisha utatengeneza ya kudumu. Mimi ningeanza na hili kabla ya kununua kitu chochote.

Feni nazo zihakikishe moja moja. Pale zinapochomekwa kuna pini nne: ya kwanza ni hasi, ya pili ni volti 12, ya tatu inarudisha taarifa ya mzunguko, ya nne inaamuru kasi. Feni ya pini tatu ikichomekwa pale haipokei amri kupitia ile pini ya nne. Feni ya prosesa ya pili ikichomekwa kwenye sehemu ya feni ya kasha, inaweza kufuata joto la kitu kingine kabisa, ikabaki inazunguka polepole huku mwenye nayo anaungua. Ingia bayosi, weka feni zote kwenye kasi kamili, rudia kipimo cha tatu. Kelele itakuwa kubwa, vumilia dakika hizo 15. Tofauti ikishuka kutoka 22 hadi 8, umemaliza uchunguzi, kilichobaki ni kupanga kasi ya feni. Tazama na mshale uliochorwa ubavuni mwa feni: zote zisukume upande mmoja, mbele kwenda nyuma. Feni moja iliyogeuzwa katikati ya mkondo inatosha kuharibu kila kitu.

Ukisafisha kwa bloa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Upepo wa bloa huyazungusha kwa kasi ambayo beringi haikuundwa kuivumilia, na mota ikizungushwa namna hiyo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi.

Kama kipimo kimekurudisha kwenye mguso

Kubadilisha pesti si lazima iwe imefanyika sawasawa. Fungua hitisinki ya pili, usiifute, kwanza itazame. Pesti huacha alama. Ikiwa imetandaa nyembamba na sawa pande zote, mguso ni mzuri. Ikiwa upande mmoja ni mnene na mwingine umebaki na chuma kitupu, hitisinki ilikaa kimshazari. Tazama pia kama kuna karatasi ya plastiki nyembamba chini ya hitisinki mpya. Huwa haionekani kirahisi na imewatesa wengi.

Futa pande zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 na kuendelea. Prosesa hizi za soketi ya LGA2011 zina kifuniko kipana, kwa hiyo weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, na vitone vidogo vinne kuelekea pembe. Usipake kwa wingi ukidhani pesti ndiyo inayopoza. Inajaza tu mianya ambayo chuma na chuma haviwezi kuijaza; ikiwa nene inakuwa blanketi.

Skrubu ndizo nazozisisitiza kuliko pesti. Usikaze moja mpaka mwisho. Zungushia kila moja kidogo, kisha nenda ya pembe ya mkabala, kisha nyingine, kwa mtindo wa msalaba, mpaka zote zifike mwisho kwa pamoja. Kumbuka pia kwamba soketi hii ina mipangilio miwili ya matundu: wa mraba, milimita 80 kwa 80, na mwembamba, milimita 56 kwa 94. Hitisinki ya mmoja haikai kwenye mwingine. Ukikuta fundi aliyetangulia amelazimisha kwa waya au kwa vibano vya plastiki, umeshapata jibu lako.

Halafu fanya jaribio ambalo prosesa mbili zinakuruhusu: badilishana hitisinki. Ile ya kwanza ipeleke kwa ya pili, na ya pili kwa ya kwanza, pamoja na feni zake, ikiwa zina umbo moja. Paka pesti mpya zote mbili, kaza kwa utaratibu uleule, rudia vipimo. Joto likihamia prosesa ya kwanza, hitisinki au feni ile ndiyo mbovu, nunua hiyo peke yake. Joto likibaki palepale upande wa pili, hitisinki imesafishwa jina, na kosa liko kwenye nafasi ile: upepo, mpangilio wa kasha, au soketi yenyewe na prosesa yake.

Kazi za wateja wakati unatafuta

Mteja hasubiri uchunguzi, najua. Punguza moto kwa kuzima turbo, ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujiongezea:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Prosesa yako ikifanya kazi kori zote huenda hadi GHz 3.1, bila turbo inabaki 2.8. Utapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya kasi, lakini volteji nayo inashuka, hivyo joto linapungua kwa kiasi kikubwa kuliko kasi iliyopotea. Ukiwasha upya mashine, amri hiyo inafutika, uirudie. Renda usiku au alfajiri chumba kinapopoa, na mashine isikae ndani ya kabati la meza wala mgongo wake usibanwe ukutani. Wati 500 zinazotoka ukutani zote huishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Chumba kidogo kilichofungwa madirisha kitapanda kwa saa chache tu, na mashine itavuta tena hewa yake yenyewe.

Ikibidi kabisa, unaweza kuitoa prosesa ya pili na kufanya kazi na moja. Kumbuka tu kwamba kila prosesa inahudumia ramu zake na baadhi ya nafasi za kadi. Ukiitoa ya pili, ramu za upande wake hazitasomwa, kwa hiyo zihamishie upande wa kwanza kwa mpangilio uliochorwa kwenye mazabodi, na hakikisha kadi ya picha iko kwenye nafasi inayohudumiwa na prosesa ya kwanza. Soketi tupu ifunike kwa kifuniko chake.

Kubadilishana prosesa zenyewe nimekuachia mwisho kwa sababu ndiko kwenye hatari. Kwenye LGA2011 pini ziko ndani ya soketi, si chini ya prosesa, nazo ni nyembamba mno. Ukiangusha prosesa kidogo tu, pini zinajikunja na mazabodi nzima inaingia hasarani. Fanya hivyo kama vipimo vyote vimegoma kukupa jibu, mahali penye mwanga mzuri, ukiishika prosesa kwa kingo na kuishusha wima. Joto likibaki kwenye soketi ya pili hata baada ya kubadilishana, prosesa imetoka hatiani.

Likihama na prosesa, kitazame kwanza kifuniko chake cha chuma kwa kukiwekea ukingo wa rula: prosesa ya mtumba iliyokwanguliwa au kusuguliwa msasa huwa na bonde katikati, na hitisinki haiwezi kugusa bondeni. Hapo tu ndipo ushauri wa fundi wako wa kununua nyingine unapokuwa sahihi. Prosesa hii ilitoka mwaka 2013 na mitumba yake bado inapatikana. Tafuta E5-2680 v2 ileile, usichanganye na mfano mwingine, na kabla ya kulipa soma msimbo uliochongwa juu ya kifuniko. Uwe unaanza na herufi SR na ulingane na wa prosesa yako ya kwanza. Ukikuta unaanza na Q, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, irudishe kwa muuzaji.